Wanasayansi na walimu wa sayansi jijini Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa walimu wa sekondari msingi na sekondari pevu jijini, kwa wakuu wa shule, na kwa watafiti wanaotaka kusaidia shule zilizo karibu nao. Tumeyaacha jinsi yanavyoulizwa, hata yale yenye ukali kidogo. Yanaanzia mambo ya msingi. Mwishoni yamewekwa yale yanayotokea kwa nadra lakini yakitokea huvuruga kila kitu. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, tumeweka nambari ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Ushirikiano wa mwanasayansi na mwalimu ni nini hasa?

Ni mtu anayeishi kwa kazi ya sayansi na mtu anayefundisha sayansi kupanga masomo pamoja, angalau kwa muhula mzima, kila mmoja akileta anachokijua. Mwanasayansi anajua jinsi ya kulikunja swali kubwa mpaka lipimike, na anajua kwamba jaribio hukataa mara ya kwanza na ya pili. Mwalimu anajua kwamba Gredi ya 8 bado wanachanganya joto na halijoto, na kwamba yule kijana wa dawati la nyuma huelewa akipewa kitu cha kushika.

Hotuba ya siku ya taaluma si ushirikiano. Inaweza kuwa nzuri na watoto wakapiga makofi, lakini Jumatatu mwalimu anarudi darasani na chaki ileile. Kipimo chetu ni kimoja: baada ya mgeni kuondoka, je, mwalimu anaweza kufanya jambo ambalo hakuwa akilifanya? Kama sivyo, hiyo ilikuwa ziara.

2. Kwani walimu wa sayansi hawaijui sayansi?

Wanaijua. Swali hili huulizwa na walimu wenyewe, kwa uchungu, na wana haki. Wengi wana shahada, na katika kueleza jambo kwa watoto hamsini hakuna mtafiti wa kuwafikia.

Kinachokosekana kwa kawaida ni nafasi ya kuifanya sayansi yenyewe. Majaribio waliyofanya chuoni yalikuwa na majibu yaliyokwishaandikwa kwenye mwongozo. Kazi ilikuwa kuyafikia. Sasa mtaala wa umilisi unawataka waongoze wanafunzi katika uchunguzi ambao jibu lake halijulikani. Zaidi ya hapo, mwalimu wa sekondari hapa Kenya huandaliwa kwa masomo mawili, tuseme kemia na hisabati. Akipangiwa Sayansi Jumuishi katika Gredi ya 7 anajikuta akifundisha fizikia, kemia na biolojia kwa pamoja. Mwalimu wa hisabati na kemia anayetakiwa kufundisha seli hana aibu yoyote kumwomba mtu wa biolojia wakae naye saa moja.

Upande wa pili una mapengo pia. Mtafiti anaweza kumaliza dakika kumi akifafanua neno moja huku darasa zima likiangalia dirishani, asitambue.

3. Jambo hili lilianza lini? Ni geni kwetu?

Si geni. Mwaka 1956, katika chuo cha MIT, Marekani, kamati ya wanafizikia chini ya Jerrold Zacharias ilianza kuandika upya fizikia ya sekondari: vitabu, filamu, vifaa. Mwaka uliofuata Muungano wa Kisovieti ukarusha setilaiti ya Sputnik, na fedha zikamwagika. Lakini wanafizikia ndio walioshika usukani, na vifaa vile vizuri vilipowafikia walimu wa kawaida, wengi waliviona vigumu kuvitumia. Mambo ya kujifunza hapo ni mengi, na bado hayajaisha kujifunzwa.

Wimbi hilo lilifika Afrika katika miaka ya 1960 kupitia mpango wa sayansi ya shule za msingi ulioshirikisha nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Mwaka 1970 ukazaa SEPA, mpango wa elimu ya sayansi kwa Afrika, wenye makao yake Accra. Baadaye mifano iliyomweka mwalimu mbele ikajitokeza. Huko San Francisco, mwaka 1987, wanasayansi wa chuo kikuu walianza kuoanishwa na walimu wa shule za umma za mji huohuo. Ufaransa, mwaka 1996, Georges Charpak, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1992, alianzisha na wenzake mpango wa kuingiza uchunguzi katika shule za msingi, baada ya kuona kazi ya Leon Lederman katika shule za Chicago.

Hapa nyumbani, mwaka 1998 serikali na shirika la JICA la Japani walianzisha SMASSE kuwaimarisha walimu wa hisabati na sayansi wakiwa kazini. Kazi hiyo leo inaratibiwa na CEMASTEA, kituo cha elimu ya hisabati, sayansi na teknolojia kule Karen. Huo ni mpango wa mwalimu kumfunza mwalimu. Mwanasayansi hana kiti maalum mezani. Kule Kilifi, watafiti wa afya wa KEMRI na Wellcome wamekuwa na mpango wa kukutana na shule zilizo karibu na maabara zao. Nairobi, jiji lenye taasisi nyingi za utafiti kuliko sehemu nyingine yoyote nchini, bado hutegemea zaidi kujuana.

4. Nani anahesabiwa kuwa mwanasayansi?

Mtabiri wa hali ya hewa, mhandisi wa maji, fundi wa maabara ya hospitali, mwanafunzi wa uzamili pale Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kusema kweli, wanafunzi wa uzamili na mafundi wa maabara mara nyingi hufaa kuliko maprofesa: mikono yao imezoea vifaa, wana muda, na watoto hawawaogopi.

Shahada isiwe kizingiti. Kamoya Kimeu, aliyegundua masalia ya Mvulana wa Turkana, mifupa ya kale ya ukoo wa binadamu, kule Nariokotome mwaka 1984, elimu yake ya darasani ilikomea shule ya msingi. Macho yake ndiyo yaliyoona kipande kidogo cha mfupa kati ya mawe ya rangi ileile.

## Kuanza

5. Mimi ni mwalimu. Nibishe hodi wapi?

Anza na walio karibu na shule yako, kwa sababu msongamano wa magari umeua mipango mingi kuliko ukosefu wa fedha. Shule za Kasarani, Roysambu na Githurai zina icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, na kituo cha ramani na setilaiti cha RCMRD. Walio Uthiru, Kangemi na Kabete wana ILRI, wanaotafiti mifugo, na kampasi ya kilimo na tiba ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Gigiri kuna watafiti wa kilimo misitu. Idara ya Hali ya Hewa iko Dagoretti Corner. Makavazi ya Kitaifa yako Museum Hill, na Chiromo ni mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Usiandike barua ya kusema "tunaomba ushirikiano katika sayansi." Barua hiyo itajibiwa kwa ukimya. Andika hivi: "Ninafundisha Gredi ya 8, wanafunzi 54. Mwezi wa Mei tutasoma uzazi wa mimea. Natafuta mtu mmoja wa kukaa nami saa mbili kabla ya hapo tupange uchunguzi ambao tunaweza kuufanya bila maabara." Ombi dogo lenye tarehe hupata mtu. Ipitishe kwa mwalimu mkuu ili iwe na muhuri wa shule, kisha fuatilia kwa simu; barua pepe peke yake haitoshi.

6. Mimi ni mwanasayansi. Nianzie wapi?

Kwa kukaa nyuma ya darasa na kunyamaza. Omba kuhudhuria masomo mawili au matatu ya mwalimu kabla ya kupendekeza lolote. Utaona mambo ambayo hakuna atakayekueleza: kwamba kipindi cha dakika arobaini hubaki thelathini, kwamba vitabu vinashirikiwa, kwamba mwalimu ana vipindi vingine vitano siku hiyo.

Pitia ofisi ya mwalimu mkuu kwanza, umsalimie na naibu wake. Kupita moja kwa moja kwa mwalimu kwa sababu mlisoma pamoja kutamletea taabu yeye, si wewe. Kisha soma muundo wa mtaala wa gredi husika kutoka KICD, taasisi inayoandaa mitaala. Ni kurasa chache, na zitakuokoa na aibu ya kuleta somo la chuo kikuu kwa watoto wa miaka kumi na tatu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukirudi mara ya tatu, mwalimu anatarajia ushike kazi, na hapo ndipo ushirikiano unapoanza.

7. Je, kuna kibali kinachohitajika?

Kwa kumsaidia mwalimu kupanga na kufundisha, idhini ya mwalimu mkuu ndiyo msingi, na shule nyingi za umma zitataka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ifahamishwe kwa barua. Mgeni anayekutana na watoto mara kwa mara awe na cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, DCI. Maombi yake hufanywa kupitia eCitizen. Wapo wanasayansi wanaokasirika kuombwa cheti hicho. Wasikasirike. Ni swali ambalo mzazi yeyote angeuliza.

Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kinahitajika pale tu unapofanya utafiti, yaani unapokusanya taarifa kwa ajili ya ripoti au chapisho. Tazama swali la 18.

8. Tuchague shule gani?

Si ile ambayo kila mtu huichagua. Kuna shule kando ya barabara kuu ambazo hupokea wageni kila muhula, na nyingine kule Mukuru, Mathare na Kibera ambazo hazijawahi kumwona hata mmoja. Shule hizo za mtaani, nyingi zikiwa za jamii au za watu binafsi, mara nyingi zina walimu wachache na vifaa vichache zaidi, lakini pia zina urahisi wake: uamuzi hufanywa siku hiyohiyo na mwalimu anayejua kila mzazi kwa jina. Kama taasisi yako ina nafasi ya shule mbili, moja iwe ya aina hiyo.

9. Muhula upi unafaa?

Wa kwanza na wa pili. Muhula wa tatu ni mfupi na umejaa mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa. Mwalimu atakubali kwa adabu, lakini akili yake iko kwenye karatasi za mitihani. Kikao cha kupanga kifanyike likizoni, Aprili au Agosti.

## Darasani

10. Mwanasayansi akija, afanye nini hasa?

Asihutubu. Na kama ameleta projekta, aiache kwenye gari.

Tuchukue mfano wa mvua, kwa sababu hauhitaji fedha na Nairobi ina kila kinachohitajika. Kipimo cha mvua hutengenezwa kwa chupa ya lita mbili: kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli ndani ya sehemu ya chini, weka kokoto chini zizuie upepo, kisha mimina maji hadi pale ambapo chupa inaanza kunyooka na uandike sufuri hapo. Bandika rula. Mwalimu yeyote anaweza kufanya hivyo bila mwanasayansi, na wengi wamefanya.

Kazi ya mwanasayansi inaanza baadaye. Shule tatu, moja Karen, moja Kasarani na moja Embakasi, zinapima wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kila siku saa tatu asubuhi. Namba zitatofautiana. Watoto watasema wenzao wamekosea. Hapo mtu wa hali ya hewa ana la kuuliza: ni nani aliyeweka chupa chini ya mti? Nani alisoma ukingo wa maji akiwa amesimama? Je, Jumamosi na Jumapili nani alipima? Baada ya makosa hayo kuondolewa, tofauti bado ipo, na hiyo sasa ni sayansi: upande wa magharibi wa jiji uko juu zaidi na kwa kawaida hupata mvua nyingi kuliko Embakasi. Zikilinganishwa na takwimu za kituo cha Dagoretti Corner, darasa lina mjadala wa wiki nzima.

Mwalimu katika mfano huu anafanya nini? Anaendesha darasa. Anaamua lini watoto wabishane na lini waandike, anaunganisha namba na somo la hisabati la grafu, na anamzuia mgeni asitoe jibu mapema. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana mtaalamu akiona mtoto anapotea njia, mdomo humwasha. Kubalianeni ishara kabla ya kipindi. Mwalimu akigusa sikio, mgeni anyamaze.

11. Shule yetu haina maabara. Tutafanya nini?

Sekondari msingi zilipowekwa ndani ya shule za msingi Januari 2023, nyingi zilianza hivyo. Kuna mengi yanayowezekana. Kabichi ya zambarau kutoka soko la Marikiti, ikichemshwa, hutoa maji yanayobadilika kuwa ya waridi kwenye ndimu na ya kijani kwenye magadi. Iodini ya duka la dawa huonyesha wanga kwenye ugali, kiazi na mchele, na hukataa kwenye yai. Uwanja wa shule wenye mchwa na maua ni maabara ya biolojia isiyohitaji kufungwa kwa kufuli.

Kuna hatari moja: vifaa vya bei nafuu visigeuke kuwa maigizo. Rangi ikibadilika na darasa likashangilia, bado hakuna kilichojifunzwa. Mwanasayansi amsaidie mwalimu kulifikia swali linalofuata. Kwa mfano, ukiongeza matone ya ndimu kwenye maji ya magadi moja baada ya lingine, ni lini rangi inarudi? Je, ndimu ya jana na ya leo zinahitaji matone sawa?

Kama mnahitaji darubini au mizani, kuazima ni bora kuliko kupewa. Soma swali la 16.

12. Tutumie lugha gani?

Mtaala na mtihani wa sayansi ni kwa Kiingereza, na istilahi lazima zibaki hivyo. Lakini mjadala wa kikundi uende kwa lugha ambayo watoto wanafikiri kwayo, Kiswahili au Sheng. Mgeni anayelazimisha Kiingereza tangu mwanzo atasikia sauti za watoto watatu tu.

13. Ratiba imebana. Mtaala utaishaje?

Utaisha ikiwa uchunguzi unachukua nafasi ya somo lililopo badala ya kuongezwa juu yake. Mwalimu afungue azimio la kazi na kuchagua mada moja kwa muhula, moja tu. Mada nyingine zifundishwe kama kawaida. Mtafiti anayekuja na orodha ya mada sita hajasoma jibu la 6.

14. Kitabu kinasema hivi, mwanasayansi anasema vile. Nani afuatwe?

Hutokea kila wakati, na mara nyingi si kosa la kitabu bali urahisishaji. Mwanasayansi asimkosoe mwalimu mbele ya wanafunzi. Aseme "kuna zaidi kwenye hili," kisha wazungumze nje. Mwanafunzi atasahihishwa kwa mwongozo wa KNEC, kwa hiyo ajue jibu linalotarajiwa kwenye mtihani na ajue pia kwa nini picha kamili ni pana zaidi. Ikiwa ni kosa la wazi, mwalimu na mwanasayansi waandike kwa KICD pamoja. Barua yenye sahihi mbili husomwa kwa makini zaidi.

Na swali ambalo hata mgeni hajui jibu lake? Aseme hajui, aeleze angelitafutaje. Wanafunzi wengi hawajawahi kusikia mtu mwenye shahada tatu akisema hivyo.

15. Shule yetu ni ya kanisa. Mageuzi ya viumbe tutayafanyaje?

Mada ya mageuzi ipo kwenye biolojia ya sekondari na hutahiniwa, hivyo ifundishwe. Mgeni asijadili imani ya mtu, hata akichokozwa. Aeleze ushahidi na jinsi unavyopatikana. Mwalimu ndiye anayemjua kasisi, wazazi na bodi, kwa hiyo yeye ndiye anayeamua jinsi ya kufungua mjadala. Masalia ya Mvulana wa Turkana yanahifadhiwa Museum Hill. Mtoto akiambiwa kwamba mifupa yenyewe iko mwendo wa matatu moja kutoka kwao, na kwamba aliyeigundua ni Mkenya aliyekomea shule ya msingi, mazungumzo huwa na upole zaidi.

## Fedha na vifaa

16. Nani analipa? Na tukipewa vifaa vya bure?

Tuzungumze wazi kwa sababu hapa ndipo minong'ono huanzia. Kuna gharama tatu zisizokwepeka: nauli ya mwalimu kwenda kwenye kikao, nauli ya mwanasayansi kuja shuleni, na vitu vidogo vya majaribio. Mvua ikinyesha, nauli ya kutoka mjini hadi Rongai hupanda maradufu. Iwekeni kwenye bajeti. Taasisi ya mwanasayansi ndiyo inayofaa kubeba gharama hizo, maana taasisi nyingi zina fungu la kuhusisha jamii ambalo huishia kwenye fulana na mabango.

Posho ya kukaa kikaoni ikitolewa, iwe sawa kwa mwalimu na kwa mtafiti. Tumeona mpango ukivunjika kwa sababu mmoja alitia sahihi karatasi yenye kiasi kikubwa mara nne kuliko mwenzake, kwa kazi ileile, kwenye meza ileile. Wazazi wasichangishwe. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, mtoto hawezi kunyimwa nafasi shuleni kwa kutolipa mchango.

Vifaa vya bure vipokelewe kwa macho makali. Shule si dampo la kemikali zilizopitwa na wakati wala la darubini zisizo na lenzi. Omba orodha yenye hali ya kila kifaa kabla ya gari kufika, na uwe na ujasiri wa kukataa. Kemikali ikishafika, kuitupa kwa usalama ni mzigo wa shule.

17. Je, kazi hii inahesabika kwenye tathmini ya mwalimu?

TPAD, mfumo wa tathmini wa TSC, tume inayoajiri walimu, una kipengele cha kujiendeleza kitaaluma. Weka maandalio ya masomo mliyoyapanga pamoja, kazi za wanafunzi na barua fupi ya taasisi. Ushahidi wa namna hiyo una uzito kuliko cheti chenye nembo ya dhahabu.

## Mambo ya pembeni, lakini yenye uzito

18. Mwanasayansi anataka kukusanya data kutoka kwa wanafunzi wetu. Tukubali?

Kwanza tofautisha mambo mawili. Wanafunzi wakipima mvua, sauti au kivuli cha mlingoti wanafanya sayansi. Mtu akiwapima wao, wao ndio wanaotafitiwa. Kwa hali ya pili kunatakiwa idhini ya kamati ya maadili, kibali cha NACOSTI, ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe. Bila hayo, jibu ni hapana, hata kama mwombaji ni rafiki wa shule.

Mpaka huo huvukwa bila kukusudia. Maji ya visima virefu katika sehemu kadhaa za Nairobi yana floridi nyingi, kwa sababu ya miamba ya volkeno iliyo chini yetu, na kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ni mada bora kabisa kwa darasa: kuna kemia, jiolojia na afya, na maji yenyewe yako kwenye mtungi wa kila nyumba. Lakini floridi hubadilisha rangi ya meno ya watoto. Siku somo hilo linapofundishwa, kila mtoto mwenye meno ya kahawia anajua anatazamwa. Pimeni maji. Msihesabu meno, na msimwite yeyote mbele kuwa mfano.

19. Vipi kuhusu picha?

Picha ya mtoto ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ridhaa ni ya mzazi au mlezi. Pigeni picha za mikono, vifaa na daftari. Taasisi ikisisitiza nyuso kwa ajili ya ripoti ya wafadhili, tazama tena swali la 1 na uulize ushirikiano huu ni wa nani.

20. Majaribio gani hayafai kabisa?

Kuchoma kidole kupata damu. Kuotesha vijidudu vilivyotolewa mwilini, chooni au kwenye fedha. Kuingia Mto Nairobi, Ngong au Mathare kuchukua maji. Huko kuna maji taka, na kama sampuli inahitajika, ichukuliwe na mtu mzima mwenye glavu na ipimwe kwenye maabara ya taasisi. Asidi kali isitumike darasani pasipo maji ya bomba ya kutiririka. Mwalimu ana haki ya kusimamisha jaribio lolote bila kujieleza, na mgeni alijue hilo kabla ya kuingia.

21. Wanafunzi wetu wanaenda kwenye mashindano ya sayansi. Mwanasayansi awasaidie hadi wapi?

Mashindano yana historia ndefu hapa. Yale yanayoitwa leo Kenya Science and Engineering Fair yalianza mwaka 1964. Majaji wenye uzoefu hutambua haraka mradi ulioandikwa na mtu mzima: mtoto anasoma bango kama shairi, kisha anaulizwa "kwa nini ulichagua namba hii?" na kimya kinatanda.

Mwanasayansi aulize maswali, aonyeshe jinsi ya kutumia kifaa, asome rasimu na kuweka alama ya kuuliza pembeni. Asichague mada, asichore grafu, asiandike hitimisho. Kumbuka Keriko, shule ya kutwa kule Nakuru iliyokuwa na kompyuta moja, ambako Peter Tabichi alikuwa akifundisha aliposhinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019. Wanafunzi wake walifika mashindano ya kimataifa kule Arizona. Kilichowafikisha ni klabu ya sayansi iliyokutana wiki baada ya wiki, na mwalimu aliyekuwepo.

22. Tuwapeleke wanafunzi kwenye maabara ya taasisi?

Basi moja la watoto hamsini wanaopita mbele ya vioo hujifunza kidogo sana na kuchosha kila mtu. Kwa gharama hiyohiyo mwalimu mmoja anaweza kukaa wiki mbili maabarani wakati wa likizo, avae koti, aoshe vyombo, aone jaribio likifeli. Atarudi na simulizi za kufundishia miaka kumi. Ikibidi wanafunzi waende, waende kumi na watano, wakiwa na swali waliloliandika wenyewe.

23. Mwalimu wetu amehamishwa na TSC. Mpango umekufa?

Ndiyo, kama ulikuwa wa mtu mmoja. Tangu mwanzo washirikisheni walimu wawili wa shule moja, hata kama wa pili anafundisha kilimo au hisabati, na maandalio yote yabaki kwenye faili ya idara, si kwenye simu ya mtu. Aliyehamishwa naye asiachwe: huko aendako kuna shule mpya, na anajua tayari nambari ya kupiga.

Upande wa wanasayansi tatizo hili ni kubwa zaidi, maana mwanafunzi wa uzamili humaliza na kuondoka. Kabla ya kuondoka amlete mrithi wake darasani, wahudhurie kipindi kimoja pamoja.

24. Mwanasayansi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa hilohilo. Kuna shida?

Afanye kazi na darasa jingine la shule hiyo. Mtoto wa miaka kumi na nne hataki mama yake aje na kabichi.